Kidole cha Duane

Duane Petrosky hakuwa na kipaji chochote cha kutaja, ndiyo maana akajipachika sumaku. Kijisumaku chenyewe kama punje ya mchele, ndani ya nyama ya kidole, mkono wa kushoto. Alipasuliwa kwenye gereji ya wenzake wanaojipachika vyuma mwilini hapa Pittsburgh, bila ganzi, mkono umelowekwa kwenye barafu kwanza, maana kwa watu wale ganzi ni ya waoga. Akalia kama mtoto. Kisha kidonda kilipopona akanyanyua kizibo cha bia kwa kidole, gereji nzima ikashangilia. Basi! Tangu siku hiyo hatukupumua.

Akienda kupanda ukuta wa mazoezi, habari ni kidole. Akinyanyua vyuma, kinamuuma mpaka anang'ata meno, lakini wapi, hakomi. Akiwa kwenye baiskeli anasimama chini ya transfoma ya mtaa, mkono juu, macho kayafumba, eti anausikiliza mji. Jikoni anauelekeza mkono kwenye mikrowevu huku pierogi za chakula cha jioni zikipoa mezani. "Sikia inavyovuma, mpenzi!" Mpenzi atasikia nini, na yeye hana sumaku?

Mpenzi ni Colleen, mkewe. Sisi wote tulimcheka Duane, hadi dada zake wa tumbo moja. Colleen peke yake ndiye aliyemwamini, tena akimtetea kwa matusi. Duane alilijua hilo vizuri sana. Bila yule mwanamke angebaki na kizibo chake.

Jumamosi moja Colleen alitaka kufunga feni mpya juu ya jiko. Ya zamani ilishang'olewa, waya wake ukabaki unaning'inia ukutani. Ufundi wa nyumba ile ulikuwa wa Colleen; Duane hata bisibisi humponyoka. Colleen akapanda kwenye kigoda, koleo lake la mpini uliochubuka mkononi.

"Duane, hebu shuka chini ukazime swichi kuu."

"Ya nini? Una mume mwenye kidole hiki, unahangaikia swichi?" Akapanda kiti, akaupapasa ule waya polepole, bila kugusa, kama mganga anayepiga ramli. "Umekufa huu. Hamna kitu."

"Una uhakika?"

"Colleen! Hata wewe sasa umekuwa kama wao?"

"Haya, yaishe. Nakuamini, mume wangu."

Mjinga wa mwisho huyo Duane! Sumaku ya kidoleni husikia umeme unaotembea, unaokwenda kuendesha kitu. Waya usiounganishwa na chochote umetulia tuli, kidole hakisikii hata chembe, kumbe moto umejaa mle ndani. Yule aliyempasua alishamwambia, tena zaidi ya mara moja. Lakini Duane alikuwa na nafasi gani ya kusikiliza, na muda wote anajisifu?

Koleo likagusa. Colleen akarushwa kutoka kwenye kigoda, mgongo ukapiga ukingo wa meza, akaanguka sakafuni akipiga kelele kwamba haisikii miguu yake.

Hospitalini wakasema lazima apigwe picha ya MRI ya mgongo. Colleen anaogopa sana kufungiwa mahali pembamba, akaomba mumewe aingie naye amshike mkono. Muuguzi akakubali.

"Bwana, una chuma chochote mwilini?"

Duane akauingiza mkono wa kushoto mfukoni. Mtu aliyetuchosha masikio na kidole chake hata misibani, leo kaufyata! Ikabidi Colleen aseme, akiwa amelala vilevile kitandani.

"Ana sumaku kidoleni."

"Sumaku? Basi huyu haingii," muuguzi akasema. "Ile mashine yenyewe ni sumaku kubwa, itakinyofoa hicho kidole. Una mtu mwingine, mama?"

"Mpenzi, mimi nitakaa hapa hapa mlangoni," Duane akasema.

Colleen akamtazama. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Hapana," akasema. "Sina mtu."

Wakakisukuma kitanda ndani, wakafunga mlango.