Birika la Midomo Miwili

Jepleting alikuwa amepika chai miaka thelathini na moja, kwanza ya walimu, halafu ya madereva wa malori pale Salgaa, na hakuna siku mtu alimrudishia kikombe. Ndiyo maana hoteli moja ya karibu na Longonot ilipopata wageni wa kumaliza vita, aliitwa yeye. Nchi mbili jirani zilikuwa zinapigania mto. Watu wa jikoni waliwaita wajumbe wao Wajuu na Wachini.

Wiki ya kwanza kila upande ulitaka kuandaliwa chai kwanza. Wiki ya pili kukaingia uvumi wa sumu, basi kila upande ukataka kuwa wa mwisho. Watu wazima na suti zao, wanaangalia chai ikifanya utando. Mpatanishi, balozi mstaafu, akatuma gari Nakuru kwa fundi wa jua kali. Likaletwa birika lenye midomo miwili, la kujaza vikombe viwili kwa mpigo. Mkataba wa kurasa kumi na mbili ukaandikwa, kila upande ukatia sahihi nakala yake peke yake: chai ya birika hilo ni ya wajumbe peke yao, na mshikaji ni Jepleting, asitoke getini mpaka vita viishe.

Sasa, Jumamosi ilikuwa koito ya bintiye Chelangat, siku ya wakwe kuja kupatana mahari. Shemeji yake Kibii akapiga simu.

"Wakwe hawaingii nyumba mama hayuko. Watageuza gari."

"Niko na vita huku, Kibii."

"Vita si vyako. Msichana ni wako."

Akamwendea balozi.

"Mama, bado tuko kwa chai," balozi akasema. "Mto hatujaugusa."

"Mtaugusa lini?"

"Labda Agosti."

Jumamosi asubuhi Jepleting alilibeba birika, akawapita wajumbe wakiwa wamekaa, akashuka mpaka getini. Akamwambia askari, Naftaly, atoe kikombe. Mdomo mmoja ukajaza cha Naftaly, wa pili ukajaza chake yeye.

"Mathe, hii si ya wale wakubwa?"

"Kunywa ikiwa moto."

Wakanywa wamesimama, wajumbe wamejazana dirishani.

Wajuu walisema huo ni uvunjaji wa mkataba. Wachini wakasema ndiyo hayo walikuwa karibu kusema. Wakavuta viti upande mmoja wa meza, wakaandika barua moja: mshikaji afukuzwe leo hii. Balozi aliishika ile karatasi kama mtoto mchanga, machozi yakimtoka. Miezi mitano hajawahi kuona sahihi hizo mbili pamoja.

"Mama, umefukuzwa," akasema, akimshika mkono.

"Wote wameweka sahihi?"

"Wote."

"Basi nipatie kopi."

Saa nane mchana alishuka nyumbani Salgaa, wakwe wakiwa bado wanatafuta pa kuegesha gari. Kibii akamuuliza ametokaje.

"Nimefukuzwa na serikali mbili," Jepleting akasema, akajifunga leso na kwenda kuwafungulia mlango.