Mke wangu alilipeleka boksi la kifaru changu madhabahuni, nikamtukana mbele ya usharika

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, maana nusu ya usharika wetu wamo humu na midomo yao naijua. Na nyie wa "mwanaume mzima na matoi," piteni tu, sina muda na nyie.

Mimi ni baba wa miaka arobaini na tatu, naishi Elerai, ni fundi simu hapa mjini Arusha. Nimeoa, tuna binti mmoja wa miaka tisa. Sinywi pombe, sina mchepuko. Starehe yangu ni moja: naunganisha vifaru vya plastiki, vile vidogo vinavyokuja kwenye boksi vikiwa vipande vipande. Unavigandisha kwa gundi, unavipaka rangi, mpaka vinafanana kabisa na vile vya jeshi.

Ugomvi ulianza na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa Kisongo. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii, leo ananifundisha mimi. Kuna kifaru kimoja cha kisasa ambacho kampuni mbili zinashindana kukitengeneza. Mimi niliagiza la kampuni moja, boksi la kijani, likakaa njiani miezi mitatu. Humo kuna injini, viti vya askari, milango inayofunguka, na cheni yake unaunganisha pingili moja moja. Shemeji yeye anaabudu la kampuni ya pili, boksi jeusi: vipande vichache, cheni ya mpira ya kuvalisha tu, wiki mbili umemaliza. Siku yangu ya kuzaliwa akaniletea hilo boksi jeusi, akaniambia mbele ya mke wangu, "Shemeji, unganisha yote mawili uone unavyopoteza muda wako." Zawadi gani hiyo? Dharau tupu.

Maboksi yote mawili yalikaa juu ya kabati miezi minane. Sikuanza hata moja. Kila jioni nayashusha, nafungua, nalinganisha, naongea. Mke wangu anamenya ndizi, mimi namhubiria: hili la kijani ni kazi ya watu wenye akili, hilo jeusi ni takataka, plastiki ya ndala, hata mgeni huwezi kumpa. Yeye alikuwa anaitikia tu "mh." Nilidhani hasikilizi.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwa asiyejua, sisi Walutheri wa huku siku hiyo kila nyumba inapeleka madhabahuni kitu cha mikono yake, mahindi, kuku, mikungu ya ndizi, halafu baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Mimi nilichelewa, nilikuwa na simu ya mteja. Nafika, ibada imeisha, namkuta mzee wa kanisa kasimama juu ya benchi, boksi langu la kijani mkononi, analitingisha! "Haya wapendwa, toi hili la mtoto, nani anaanza?"

Aliyenyoosha mkono wa kwanza ni shemeji. Ananitazama, anacheka.

Nilipita katikati ya watu nikalishika lile boksi, nikasema hili ni langu, sikulitoa. Mzee hakuliachia. "Ndugu, kilichopita madhabahuni hakirudi kwa kunyang'anywa. Kama unakitaka, nyoosha mkono kama wenzako." Ninunue mali yangu mwenyewe? Tena nishindane na yule mtu? Nikakataa. Shemeji akapewa.

Nikamgeukia mke wangu. "Nani alikutuma? Kama ni lazima utoe, si ungechukua lile jeusi?"

Akanijibu taratibu, tena kwa heshima, na hilo ndilo linaloniuma leo. "Baba Glory, wewe mwenyewe ulisema lile ni takataka. Kwetu Kikatiti baba alikuwa anachagua mkungu mzuri kuliko yote, huo ndio wa mavuno. Sisi tulikula iliyobaki. Ningempelekea Mungu takataka kwa jina lako?"

Kumbe alikuwa ameliandikisha kwa jina langu. Pale ningenyamaza. Lakini watu walikuwa wanacheka, shemeji amekumbatia boksi, hasira zikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Bora ungepanda wewe kwenye hilo benchi ukanadiwa, boksi likabaki nyumbani."

Mama mkwe alikuwepo. Binti yangu alikuwepo, ameshika gauni la mama yake. Mke wangu hakulia. Alimchukua mtoto, wakaondoka na bibi yake kwenda Kikatiti, na hii ni wiki ya tano. Simu zangu hapokei. Wazee wa kanisa wameniita nikatubu, nimegoma. Na nasema mpaka leo, alinikosea kutoniuliza. Kitu cha mtu kinaombwa.

Jumamosi iliyopita mchana nikasikia geti linagongwa. Ni shemeji, na boksi la kijani, limefungwa vilevile. Safari hii hakucheka. Akasema, "Dada amelichukua kwangu. Amesema nikuletee, maana ndicho ulichokichagua." Nikamkaribisha ndani, akakataa hata maji.

Nilianza kuandika haya nikitaka mniambie kwamba mke wangu ndiye mwenye kosa. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipofungua geti, nilitazama boksi kwanza. Nikalipokea, nikaligeuza, nikakagua kama pembe zimebonyea. Shemeji amesimama tu ananiangalia. Nilipomaliza ndipo nikachungulia nyuma yake kuona kama mke wangu amekuja.

Aliniona. Na najua ameshamwambia dada yake.

Haya, ndugu zangu, nipigeni mawe mkimaliza mnisaidie. Nikifika Kikatiti nitamwamkia mama mkwe shikamoo, hiyo naiweza. Baada ya hapo nimwambie nini mke wangu ambacho ataamini?