Isale la Sylvanus

Mwalimu Mektrida wa Mwika alipostaafu, alijipa kazi asiyotumwa na mtu: kupiga picha kumbukumbu za vijana waliokwenda Vita vya Kagera wasirudi, hata maiti. Mnara hawakujengewa. Kila familia ilipanda isale katikati ya migomba, pale ambapo kaburi lingekaa, na mmea huo ndio ukawa kaburi. Miaka miwili alipanda na kushuka milima, goti likimuuma, akapata sita. La saba, la kaka yake Sylvanus, aliliacha mwisho. La nyumbani litakimbilia wapi?

Jumamosi akaenda. Akakuta shimo limefukiwa samadi.

"Shikamoo shangazi," alisema Evodi, mtoto wa mdogo wake, aliyezaliwa baada ya vita. "Lile isale lilikuwa limenona! Nimelikatakata, nimepanda mpaka wote wa shamba hadi mtoni. Yameshika yote."

"Mjinga wewe! Umemkata baba yako mkubwa vipande!"

Lakini nani alimwambia Evodi? Mektrida alihoji nyumba sita za watu; hapa kwao hakuwahi kusema neno.

Evodi akaelewa. Akafanya kama alivyofundishwa tangu utotoni: akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akapiga magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili. Uchaggani, ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe.

Alikuwa amelichuma palepale mpakani.

Mektrida alilipokea, maana hakuwa na namna. Akalibana ndani ya daftari, ukurasa wa saba, mahali pa picha.