Fundi Aliyeshona Mafaili Mawili

Binti yangu anashona maturubai. Si magauni wala suruali za shule. Maturubai ya malori, na viti vya magari vilivyopasuka matumbo. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na sindano yake inaweza kumtoboa tembo sikio bila tembo kushtuka. Siku moja nyuki alimuuma dole gumba, na nyuki ndiye aliyebebwa.

Fundi huyu ana mtoto mmoja tu, mwanamume wa miaka ishirini na saba. Kwangu ni mume wangu, kama wajukuu wote wa kiume walivyo waume za bibi zao: hawaleti chochote na wanakula vyote. Mtaani wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu hukaa kizingitini peke yake akaendesha mkutano. Anamkatiza huyu, anamruhusu yule, anaomba utulivu ukumbini. Wajumbe sisi hatuwaoni. Yeye amewasikia tangu ana miaka kumi na tisa, na hawana adabu. Akagundua kwamba akinywa pombe kali wananyamaza, kama darasa mwalimu akiingia. Tatizo ni kuwa pombe ikimtoka wanarudi, kila mmoja na shemeji yake. Basi anaongeza pombe, na wao wanaongeza mashemeji.

Ushauri tuliupata, tena wa kumwaga. Kaka yangu alisema kijana apigwe; yeye alipigwa sana utotoni, na tumtazame alivyo. Tukamtazama. Jirani wa mlango wa kushoto alisema aozwe, mke atamtuliza. Fundi akamuuliza kama yuko tayari kumtoa binti yake, na jirani akakumbuka ameacha sufuria motoni. Mimi nilisema ni utoto, atakua ataacha. Nilisema hivyo miaka minne. Nalitaja kwa kuwa wenzangu nimeshawataja.

Mwaka huu wajumbe wakabadili ajenda. Wakamwambia Mwenyekiti atembee katikati ya barabara kuu, kule kwenye malori, na asisimame. Mara ya kwanza dereva alifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Kumbe ni mteja wa Fundi, akamtambua kijana, akamleta nyumbani. Mara ya pili aliletwa na polisi, ana kiatu kimoja. Fundi hakulia. Aliweka mkasi mezani akasema, "Mama, mara ya tatu ataletwa ndani ya turubai nililoshona mwenyewe."

Tukaenda hospitali, watatu, Mwenyekiti katikati kama bwana harusi.

Hospitali ile ina Dirisha la Tatu, la walevi, na Dirisha la Saba, la wagonjwa wa akili. Yanatazamana, korido katikati, hatua kumi na nne. Foleni yake ni ndefu. Nilimwona mama kajiunga nayo mjamzito, alipofika mbele mtoto ndiye aliyemsomea bango.

Dirisha la Tatu alikaa muuguzi mwenye miwani ya kamba. Akafungua faili la kijani, akauliza kama kijana husikia sauti. Mwenyekiti hajui kusema uongo, akajibu kwamba hata sasa hivi wanamsema yeye muuguzi. Muuguzi akataka kujua wanasemaje. Akaambiwa. Akafunga faili, akasema hapo wanatibu pombe tu, akili ikitulia arudishwe.

Dirisha la Saba alikaa bwana mwenye peni tatu mfukoni, na hakuna hata moja inayoandika. Akafungua faili la kahawia, akauliza kama kijana hunywa. Aliposikia jibu akasema akae siku thelathini bila kugusa pombe, ndipo aletwe. Fundi akamuuliza kwa upole mtu atakaaje siku thelathini bila pombe huku anapigiwa kelele masikioni. Bwana Peni Tatu akasema hilo ni swali zuri sana, na ni la Dirisha la Tatu.

Wiki tatu tulizitembea hatua zile kumi na nne. Lau tungezielekeza mbele, tungefika nchi ya mbali na kumwoza kijana huko. Na kulikuwa na sheria: faili la kijani halikanyagi Dirisha la Saba, la kahawia halikanyagi la Tatu. Mgonjwa hubeba mafaili yake mwenyewe, lakini moja lazima alilaze kwenye benchi nje, kama mwavuli uliolowa.

Alhamisi ya wiki ya tatu madirisha yote mawili yakasema Jumatatu. Tukaenda masijala kurudisha mafaili, mlango una kufuli. Karani alikuwa kwenye mafunzo ya kuwahudumia wateja. Basi tukarudi nyumbani na mafaili yetu.

Alasiri ile mimi nilikuwa kizingitini, nimeshika ncha ya shati la mume wangu asije akaitika wito wa barabarani. Nikasikia cherehani inanguruma. Kutazama, Fundi ameweka la kijani juu ya la kahawia, amevuta uzi wa nailoni, anakanyaga. Nikamuuliza anashona nini.

"Nashona mgonjwa," akasema.

Alipiga mshono pande tatu, akaurudia tena pande tatu, maana mkono wake umezoea kazi za upepo. Upande wa nne akauacha wazi ili karatasi zisomeke. Kosa alilofanya ni la ufundi: ni mtu wa turubai, na turubai hukung'utwa mchanga tu. Hajawahi kukung'uta faili.

Jumatatu muuguzi alivuta kwa vidole, faili likakataa. Akaleta mkasi wa bandeji, mkasi ukafa hapo hapo, tukauzika chini ya dirisha. Kusikia purukushani, Bwana Peni Tatu akavuka korido. Walikuwa wamefanya kazi wakitazamana miaka kumi na moja, na siku hiyo ndipo walipoulizana majina. Wakachungulia ndani kwa pamoja. Bwana Peni Tatu akaona pembe ya karatasi ya waridi, akatoka jasho mpaka peni moja ikaanza kuandika.

Ilikuwa ruhusa ya likizo ya Daktari Mkuu. Sahihi, mhuri, kila kitu. Wiki mbili nzima Daktari alikuwa anaiulizia, wiki mbili nzima anajibiwa kwamba imeshapelekwa ngazi za juu. Kumbe Bwana Peni Tatu aliitia ndani ya faili letu kama alama ya ukurasa. Na sasa uzi ulikuwa umepita katikati ya mhuri. Ukivuta uzi, mhuri unachanika. Ikabidi wapande na faili juu kwa Daktari lilivyo, na baada ya muda Daktari Mkuu akashuka nalo mwenyewe.

Karatasi yake ilikuwa mwisho kabisa, hivyo ili aifikie ilimbidi apekue kurasa zote, na akipekua macho hayafungwi. Ukurasa wa kijani: apelekwe la Saba. Ukurasa wa kahawia: apelekwe la Tatu. Mara kumi na tisa. Akasoma amesimama, uso unabadilika kama mtu anayetafuna pilipili kwa heshima.

"Hawa ni wagonjwa wangapi?" akauliza.

"Nilizaa mmoja, daktari," Fundi akasema. "Nilikuwepo."

Daktari akaamuru kitanda. Mara ukazuka ubishi: kitanda cha wodi ipi? Muuguzi hakutaka sauti kwake, Bwana Peni Tatu hakutaka pombe kwake. Wakakiweka koridoni, kichwa cha Mwenyekiti upande wa la Saba, miguu upande wa la Tatu, kila idara ikatibu ilichopewa. Daktari akanyoosha mkono apewe karatasi yake. Fundi akatoa wembe wa kufumulia, akaushika juu ya mshono, akasubiri mpaka shuka litandikwe na dawa ya kwanza imezwe. Ndipo akafumua, nyuzi kumi na mbili, na mhuri haukuchanika hata kidogo.

Siku tatu za kwanza pombe ilipokuwa inamtoka zilikuwa mbaya, na sizifanyii mzaha. Mtoto alitetemeka mpaka kitanda kikahama, na mama yake alikishika kwa mikono miwili.

Siku ya tano nilimkuta ameketi, uso umeoshwa, chai na kipande cha mkate mbele yake. Fundi akamuuliza wajumbe wako wangapi leo.

"Wawili."

"Wanasemaje?"

Akasikiliza kwanza. "Mmoja anataka nitoke nje. Wa pili anauliza kama umekula."

Fundi akatazama ukuta kidogo. "Yule wa kwanza muache," akasema. "Huyo wa pili mwambie sijala tangu jana."

Mwenyekiti akaukata mkate, akampa mama yake pande kubwa, akamsogezea na chai. Mkate wa hospitali ile ni mgumu, hata Fundi mwenyewe angeuhitajia sindano ya turubai. Lakini alilila pande lake lote.