Kimya Maana Yake Salama

Sisi wa dirisha la malipo tulimwita Fundi Kimya, na jina likamganda. Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya mita, kimejaa mitambo inayonguruma. Alitunza kanzidata, yaani daftari la kompyuta la wateja wote wa maji, na alikuwa ameipangia kazi za kujirudia: kila usiku ijitengenezee nakala ya akiba, kila wiki ifute taka na kujipanga upya ili tukitafuta jina lije chapchap. Kazi ikishindikana, simu yake inapata ujumbe. Isiposhindikana, hapati kitu.

"Si uiambie ikujulishe hata ikifaulu?" nilimuuliza siku moja.

"Ya nini kusumbuana? Kimya maana yake salama."

Na nyumbani aliishi hivyo hivyo. Mkewe alishafariki, na binti yao wa pekee yuko mbali, ana watoto ambao babu yao anawajua kwa picha tu. Yeye na binti walikubaliana: ukiwa na shida, piga; kama huna, usijisumbue. Mdomo wangu hauna breki, nikamwambia kupigiana kwa shida tu ni mambo ya watu na zimamoto. Akatabasamu, akarudi kwenye kompyuta yake. Alinitia hasira, na huruma pia.

Juzi dirishani mambo yakaharibika. Mteja anataja jina, tunasubiri mpaka ananigombeza mimi, utadhani nimelikalia. Nikaenda kumwita Fundi. Akafungua ratiba yake, akaduwaa. Ile programu inayoamsha kazi zote ilikuwa imezimika tangu umeme ulipokatika wakati wa mvua. Hakuna kazi iliyoshindikana kwa sababu hakuna iliyoanza. Hakuna nakala, hakuna usafi, na yeye muda wote huo roho kwatu.

"Kumbe hata kilichokufa kinanyamaza," alisema.

Akaiwasha, akaiagiza imletee ujumbe kila asubuhi, ifaulu isifaulu. Nilidhani yamekwisha. Nikageuka niondoke, nikamwona ameshika simu, jina la binti yake liko kwenye kioo.

"Hivi mara ya mwisho tuliongea lini?" aliuliza. "Isipopokelewa je?"

"Piga," nikasema.

Akaweka sauti ya nje, maana masikio yake yameshaharibiwa na kelele za mitambo ile. Ikaita, ikaita. Hata mimi roho ilikuwa juu.

"Baba!" Hata shikamoo ilimpotea. "Kuna nini? Unaumwa? Nani amefariki?"

"Hakuna. Niko mzima. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Sasa mbona umepiga?"

Fundi aliisogeza simu karibu. Akanitazama mimi, akatazama mitambo yake, utadhani mmoja wetu ana jibu.

"Basi kama hakuna tatizo, baba, niko kazini," binti alisema kwa upole. "Tutaongea."

"Haya, mwanangu."

Simu ikakatika. Fundi akaiweka mezani polepole, akaifuta vumbi kwa kidole.

"Nikipiga tena kesho," aliniuliza, "atafikiri nini?"

"Atafikiri kuna msiba," nikamwambia. "Piga hivyo hivyo."