Ndugu wa Nahodha

Jumanne, tarehe kumi na nane Novemba. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi lakini hayakunyesha. Upepo ulikufa kabisa, moshi wa jiko langu ukawa unatambaa chini kama unatafuta mlango. Jana na juzi ilinyesha sana, na leo ardhi ilikuwa imeshiba maji, ukikanyaga inauachia mguu polepole.

Mimi napika chakula hapa machimboni, kando ya kibanda umiza, kile cha kuangalizia video. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayesoma anivumilie. Najitahidi kusema haki ya kila upande, hata upande ulioniudhi.

Kwanza nieleze habari ya tamthilia, maana ndiyo iliyoanzisha mambo, au tuseme nadhani ndiyo. Ni ile ya watu wa chombo cha angani, waliopotea kati ya nyota wakitafuta njia ya kurudi kwao. Hapa tumeiangalia miaka, msimu baada ya msimu, na sauti ya mtafsiri juu yake. Mtafsiri wa zamani alikuwa mtu wa huku kwetu, ukimsikia tu unajua amekulia michembe, viazi vyetu vya kukausha. Nahodha mzee mwenye ndevu nyeupe yeye alimwita mwenye duara, kama tunavyomwita hapa mwenye shimo. Chombo kikitikisika, alisema matimba yanalia, kama vile huko angani nako wanazuia shimo kwa magogo. Na alituambia kwamba nahodha ana mdogo wake aliyepotea kwenye nyota moja ya mbali, na ndiye anayemtafuta. Wachimbaji walimpenda sana huyo mdogo mtu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona.

Msimu mpya ulipoletwa, nahodha mzee hayupo. Kiti chake kakalia binti. Mtafsiri naye ni mwingine, wa mjini, anatafsiri neno kwa neno. Ikapita sehemu ya kwanza, ikapita ya pili, ndugu hatajwi. Mwishowe mwenye kibanda, ambaye Kiingereza anakisikia kidogo, akasema ndugu hayupo wala hajawahi kuwepo. Yule wa zamani alimtunga.

Mmoja akavua kofia, kama kaletewa taarifa ya msiba.

Mume wangu ndiye aliyesema kwanza. "Afadhali. Sasa tunajua wanachosema. Miaka yote tulikuwa tunaangalia picha ya mtafsiri."

Mdogo wake, aliyemfuata ziwa, alikuwa kwenye benchi hilohilo. Akasema, "Huyu binti anaendesha chombo, sawa. Anamfuata nani? Haendi popote huyu."

"Unamlilia ndugu wa uongo."

"Wa uongo kanifaa kuliko wa kweli."

Kibanda kizima kilicheka, isipokuwa mume wangu. Wote wawili walikuwa na haki kidogo. Msimu mpya una picha nzuri, na yule binti si mbaya, ana akili. Ila na mimi nilikuwa namsubiri ndugu.

Baada ya hapo shemeji na wenzake wa zamu ya asubuhi wakahamia kibanda kingine, juu ya kilima, ambako wanarudia misimu ya zamani yenye sauti ileile. Zamu ya alasiri, ya mume wangu, ikabaki hapa na msimu mpya. Niliona ni utoto, utapita.

Nilichochelewa kukiona ni hiki. Zamani wanaotoka shimoni na wanaoingia walikaa benchi moja, wakaangalia sehemu moja, ndipo hawa wakashuka. Hakuna aliyekiita kikao. Lakini katikati ya mizinga ya angani ungesikia, "Kona ya pili pana maji," au, "Ile kamba imeanza kuchanika." Mimi nikigawa chakula nilidhani ni porojo.

Leo alikuja fundi wa matimba wa zamu ya asubuhi, mzee wa makamo, akasimama nje.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, mayu," akajibu, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Maharage yameiva?"

"Bado kidogo. Karibu ndani."

"Nipe chai hapahapa. Sauti ya yule mtafsiri wenu siiwezi. Anasoma kama anatangaza msiba wa mtu asiyemjua."

Nikamwambia leo wametoka mapema.

"Tumetoka," akasema, akipuliza chai. "Kona ya pili, timba la kushoto limepasuka. Linalia. Mimi timba likilia sibishani nalo."

"Mmewaambia hawa wanaoingia?"

"Nitawaambiaje? Juzi niliwaambia habari ya maji, wakaniambia nimeitoa kwa mtafsiri wangu. Ukisema timba linalia siku hizi, wanakuuliza nahodha hajambo."

"Shemeji je, kamwambia kaka yake?"

"Mayu, wale wanaongea? Tangu nahodha aondoke?"

Hakusema kwa ubaya. Alidhani wavuta kamba, wanaoshusha na kupandisha watu, watasema, na nilikuja kujua kwamba wavuta kamba walidhani yeye kasema. Hakuna aliyeficha kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikachungulia kibandani. Benchi lilikuwa tupu. Yule binti alikuwa anatoa amri kwenye televisheni na hakuna anayemsikiliza. Walikuwa wameshuka.

Nikamwomba fundi aende akawaite. Alikwenda, simlaumu, ila alikwenda kama mtu anayejua atachekwa. Mimi kwenye mdomo wa duara siwezi kufika. Mwanamke akisogea pale wanasema dhahabu inakimbia, na siku wakikosa mawe wataulizana nani alipita. Sisemi ni kweli wala ni uongo. Nikaacha chungu cha maharage motoni, nikapanda kilima.

Ndani kulikuwa na giza, kumejaa. Nikaenda moja kwa moja nikasimama mbele ya televisheni.

"Mama, toka, wewe si kioo."

"Muacheni, katumwa na binti wa alasiri."

Nikamwona shemeji kwenye benchi la nyuma. "Shemeji, kaka yako ameshuka."

"Anashuka kila siku."

"Umemwambia habari ya timba?"

Akainuka. "Nilijua fundi kasema."

Wale waliokuwa wanacheka wakaacha. Shemeji alitoka bila kuvaa kandambili zake, mimi nikazichukua.

Nilisimama kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, mahali wanawake tunaporuhusiwa, kwa hiyo mengine niliyaona kwa mbali. Fundi alikuwa amekwisha kuita, akajibiwa kwa mzaha kutoka chini kwamba nahodha asubiri. Shemeji akapiga magoti mdomoni mwa shimo. Hakutaja timba. Aliita kwa ule mwito wa kurudishia ng'ombe, ambao yeye na kaka yake waliutumia utotoni, upande wa Songwa, kisha akasema tu, "Kaka, panda."

Kamba ililala vilevile muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kandambili za mtu, siwezi hata kufikiri. Halafu ikatikisika. Wakatoka mmojammoja, mume wangu akiwa wa mwisho, matope mpaka kwenye kope.

Na hakuna kilichoanguka. Lazima niliandike hilo.

"Umetutoa shimoni kwa chai ya fundi," mume wangu akaniambia.

Mwenzake mmoja akadakia, "Kesho mama lishe ndiye mwenye duara wetu." Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka, maana zamu imepotea. Mwenye duara mwenyewe alikuja akasema timba litabadilishwa kesho, kama hali ya hewa ikiruhusu. Tutaona, alisema. Akalirudia hilo neno akiangalia mawingu.

Nikarudi jikoni nikijiuliza kama nimefanya ujinga. Timba lililopasuka laweza kusimama mwaka mzima, wameniambia wengi. Labda mimi nami nimeharibiwa na yule mtafsiri, nasikia vilio visivyokuwepo.

Jioni nikisugua vyombo nikasikia kitu upande wa maduara. Hakikuwa kishindo. Kilikuwa kama mtu kavunja muwa chini ya godoro. Nikamuuliza mume wangu, akasema hakusikia. Shemeji, aliyekuja kufuata kandambili zake, aligeuza uso kule.

Nikamwambia akae ale. Ndugu hao wawili wakanawa kwenye beseni moja bila kuangaliana, wakakaa kwenye sahani moja kwa sababu nilitenga moja.

Shemeji akasema, kama anaongea na chakula, "Kona ya pili. La kushoto, kwa chini."

Mume wangu akatafuna. "Ufa wenyewe ukoje?"

"Mkono unaingia."

Akaacha kutafuna. Mvua ikaanza kwenye bati, matone makubwa machache, kisha yote kwa pamoja. Kesho alasiri zamu ni yake. Hakusema kama atashuka wala kama hatashuka. Alisukuma sahani kwa mdogo wake, akasema, "Kula."

Tulikula michembe ya kuchemsha na karanga za kutwanga, na maharage ya juujuu, yale ambayo hayakushika moshi.