Ua Jekundu Mbele ya Rejeta

Ile siku nilipomwita fundi mwizi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ililiwa ng'ombe watatu. Kaa hapo nikuambie. Chai itapoa, iache ipoe.

Nilikuwa bado na nguvu zangu. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Uganda, tukakaa Hai Malakal, hapa Juba, na mtaa mzima ni mimi tu mwanamke niliyeendesha gari yangu mwenyewe. Shule sikukaa, lakini usukani niliukamata. Nilibeba magunia ya karanga kupeleka Gudele. Gari ilikuwa otomatiki, na mimi nikadhani kwa kuwa haina klachi haina taabu.

Ikaanza kunuka kama simsim iliyosahauliwa jikoni. Nikaipeleka mtaa wa Buluk kwa fundi Opio, mtu wa Uganda, mpole, aliyepewa kona katika kiwanja cha mzee mmoja. Akachungulia chini.

"Mama Poni, magunia yamezidi. Oili ya giaboksi inachemka. Nitaifungia rejeta yake ndogo."

"Rejeta si ipo?"

"Ile kubwa ni ya injini. Hii itakaa mbele yake. Oili inatoka na bomba moja la mpira, inapoa humo, inarudi na mpira mwingine. Chakula chake ni upepo."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Oili itoke, ipoe, irudi: hiyo ni oili, au ni watu wanaokwenda kuoga mtoni? Na ule moto ukitolewa unakwenda wapi? Sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kiburi changu wakati ule kilikuwa kirefu kuliko mimi.

Opio akafunga kile kidude, akakaza mipira, akawasha injini, akapapasa kila kiungo kama kuna oili inayovuja. Palikuwa pakavu. Nikaenda nyumbani, nikashuka kukiangalia kinavyong'aa nyuma ya wavu wa mbele. Kizuri, lakini uchi.

Sasa wewe unajua mila yetu wanawake wa hapa. Kitu kipya hakiachwi uchi. Kitanda kina milaya yake, shuka la kutarizi maua, kiti kina kitambaa, hata redio ina nguo. Na vumbi la Juba unalijua. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakitia ua jekundu kwa uzi, siku mbili nashona, nikakivisha kile kidude na kukifunga nyuma kwa kamba. Kikapendeza. Nilijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Safari iliyofuata, njiani kwenda Gudele, injini inalia, gari haisogei. Ile harufu tena, mara mbili. Nikaiacha hapo hapo na karanga zangu, nikapanda boda mpaka Buluk, na nilichokisema mbele ya watu sitakirudia chote, wewe bado mtoto. Nilisema Opio ni mwizi. Nilisema kanifungia bati bovu.

"Mama, niione gari kwanza," alisema.

"Hutaigusa tena."

Mzee mwenye kiwanja hakutaka maneno kwake. Akamwambia Opio, "Kesho asubuhi ukusanye vyombo vyako."

Vijana wakaisukuma gari mpaka nyumbani. Mama mkwe wangu, tuliyemwita Haboba, akatoka na fimbo yake, akainama, akatazama kwenye wavu.

"Hiki ulichokivalisha nguo kinakula nini?"

"Fundi alisema kinakula upepo."

Akakielekezea kile kitambaa fimbo yake. "Umemfunika mtoto uso, halafu unamshitaki mkunga kwamba hapumui?"

Mwanangu, nilisimama pale kama mbuzi aliyepotea sokoni. Kitambaa kimoja chepesi? Ua langu? Nikakifungua, ua lilikuwa limeungua kahawia katikati. Nikasema basi nitamtumia Opio mtu, ampelekee malesh yangu, aniombee radhi.

"Tusi ulilitoa kiwanjani," Haboba akasema, "na malesh utaisemea jikoni?"

Asubuhi nilimkuta Opio anatia spana kwenye gunia. Watu wale wale walikuwepo. Nikakitandaza kile kitambaa mbele yao, nikasema, "Hiki ndicho nilichokifunikia kile kidude. Mwizi wa upepo ni mimi." Mzee mwenye kiwanja alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia Opio amwage spana zake pale zilipokuwa.

Opio hakucheka. Alisema polepole, "Tangu jana natafuta kosa langu, mama. Nilikaza kila kitu. Nimeanza kuiogopa mikono yangu."

Hilo ndilo limebaki kwangu. Gari aliitengeneza, akabadilisha oili, tukaendelea miaka. Kitambaa alikiomba, akafunikia sanduku lake la spana. Lakini mimi nilimfanya mtu mwaminifu aogope mikono yake.

Nyani haoni kundule, na mimi sikuona kitambaa nilichoshona mwenyewe. Kwa hiyo nakuambia: kitu kikiharibika, kabla hujataja jina la mtu, angalia kwanza mkono wako uliongeza nini. Usichoelewa, uliza, hata mara ya tatu. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, irudishe mbele ya watu hao hao.

Mimi mpaka leo sijui ule moto unakwenda wapi. Mungu akupe mikono safi, mwanangu, na asikuache umtie mwingine mashaka na yake. Kunywa chai sasa.